Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii wa Uganda: Mama mkwe wangu alitaka kuona maporomoko

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo, kama umri unaniruhusu.

Mwezi uliopita mimi na mke wangu tulikwenda Busia, mpakani na Kenya, kumpokea mama yake, aliyekuja kwa basi kutoka Mombasa. Mama ana miaka sabini na kitu. Kazaliwa na kukulia Mji wa Kale, hatua chache kutoka baharini, kwa hiyo maji mengi peke yake hayamtishi. Safari hii alikuwa na ombi moja: tukipita Jinja tusimame, auone Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria. Alifundishwa habari zake darasani akiwa mtoto, na jina la Maporomoko ya Ripon halijamtoka kichwani mpaka leo.

Tukasimama. Sasa natamani tungepitiliza hadi soko la barabarani la Namawojjolo tukanunua kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma, kama wasafiri wengine.

Bustani tuliyoingia sitaitaja. Ziko kadhaa ukingoni pale, na sina haja ya kumharibia mtu biashara. Langoni hapakuwa na bei iliyobandikwa popote. Kijana wa tiketi alinitazama akanitajia bei ya mwenyeji, akamtazama mke wangu vivyo hivyo. Mama alipomwamkia kwa Kiswahili chake cha Mvita, bei ikapanda papo hapo: huyu mgeni wa nje. Nikamuuliza, Mkenya tangu lini amekuwa mgeni wa nje katika Afrika Mashariki? Akacheka, akapunguza kidogo, akapokea pesa. Risiti aliyotupa imeandikwa watu wawili. Tulikuwa watatu. Ninayo bado, iko ndani ya pochi.

Ya boti nitayapitia haraka. Jaketi la kujiokolea alilovishwa Mama zipu yake ilikuwa imekufa, wakalifunga kifuani kwa kipande cha kamba ya manila. Na nyuma yetu baa mbili zilikuwa zikishindana kwa spika kubwa kama makabati, hata mwongozaji akawa anapiga kelele ili tumsikie. Mama akaninong'oneza: "Baba, tumekuja kuona mto au tumekuja harusini?"

Lililoniuma hasa ni jingine. Mwongozaji alieleza yote kwa Kiingereza, upesi upesi, kama anayesoma namba za simu. Speke, yule msafiri Mwingereza, alifika hapa 1862, akagundua chanzo cha Nile, basi. Mke wangu akamtafsiria mama yake. Mama akauliza kwa utulivu kabisa kama watu wa hapa kabla ya Speke walikuwa wakinywa maji ya kisima. Kisha akauliza lile lililomleta: "Na maporomoko yako wapi, mwanangu?" Kijana akaelewa, maana Kiswahili anacho kidogo. Akajibu: "Ile ilikwisha." Akawasha mashine, tukarudi.

Ilikwisha! Mwanamke amebeba jina hilo tangu utotoni, anaambiwa limekwisha kama sukari dukani.

Tulipokanyaga nchi kavu nilimkalisha chini ya mti nikamweleza mwenyewe. Kwamba maporomoko yako pale pale alipokuwa akitazama, ila chini ya maji, tangu bwawa la Owen Falls, tunaloliita sasa Nalubaale, lilipokamilika 1954 umbali mfupi tu kwenda chini, na maji yakapanda yakayafunika. Kwamba jina la Ripon lilikuwa la bwana mmoja wa Uingereza, wakati wenyeji mto huu wanauita Kiyira, na Jinja yenyewe maana yake ni mawe, yale yale mawe ambayo maji yalikuwa yakirukia. Kwamba maporomoko ya Bujagali, chini zaidi mtoni, nayo yamezama kwa namna hiyo hiyo, bwawa lake likazinduliwa 2012. Kwamba mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Gandhi ilimwagwa hapa, na ndiyo sababu ya sanamu yake iliyopo pale. Nilipoinua kichwa, watu sita walikuwa wamesimama wananisikiliza: familia moja kutoka Bukoba, na mwalimu mwenye wanafunzi wawili. Mmoja wao akaniuliza nalipwa wapi.

Mheshimiwa, katiba yetu ilirekebishwa 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nilishangilia. Lakini ukisimama pale ambapo mto mrefu kuliko yote Afrika unaanza safari, njia ambayo Wakenya wanapita kila siku, hukuti sentensi moja ya Kiswahili inayomweleza mtu anachokitazama. Kwenye chupa za soda pale barazani kilikuwepo.

Sikuombi hoteli mpya wala barabara. Naomba bei zibandikwe langoni, pamoja na bei ya Mwana Afrika Mashariki, na risiti iandikwe idadi ya watu walioingia. Naomba majaketi yakaguliwe na mtu atakayeivuta kila zipu kwa mkono wake. Na naomba ubao mmoja ukingoni, unaotazama mahali maporomoko yalipolala, ueleze kwa Kiswahili, Kisoga cha wenyeji na Kiingereza kilichotokea pale. Maneno ya Kiswahili nitayaandika mimi bila malipo. Mbao na rangi ndizo zitakazotoka kwako.

Mama anarudi Mombasa baada ya Idi, kwa njia ile ile. Ameshaniambia tusimame tena.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Kiswahili, Kampala