Ubora wa bidhaa haurithiwi

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa ubora wa bidhaa za viwandani. Wengi husema Wajapani na Wajerumani wamezaliwa makini, sisi tumezaliwa na bora liende. Sikubaliani. Mwaka 1887 Uingereza ilitunga sheria iliyotaka bidhaa za kigeni zionyeshe zilikotoka, na Wajerumani ndio waliolengwa hasa, maana bidhaa zao zilidharauliwa. Za Japani nazo zilichekwa. Mwaka 1950 Mmarekani W. Edwards Deming aliwafundisha wahandisi wao kudhibiti ubora kwa takwimu.

Utamaduni upo, ila hujengwa na kanuni za kazi. Katika viwanda vya Toyota, mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro huvuta kamba au hubonyeza kitufe cha kuita msaada, na ikibidi kazi yote husimama. Kwetu, mwanagenzi akisema bawaba zimekaa upande huambiwa apige rangi, mteja hataona. (Kweli haoni, mpaka mlango ugome kufunga.)

Napendekeza VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wampe alama mwanafunzi anayekataa kupitisha kazi mbovu, na wenye karakana wabandike ukutani kwamba yeyote, hata mwanagenzi, anaruhusiwa kusimamisha kazi bila kukatwa posho.

Msomaji wako,
Morogoro