Malalamiko Kuhusu Saketi Ambayo Haikubadilishwa Katika Kamera ya Canon AE-1

Ngamiani,
Tanga.

Meneja,
Karakana ya Matengenezo ya Kamera,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUREJESHEWA SHILINGI 180,000 ZA MATENGENEZO YA KAMERA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita niliwatumia kwa basi kamera ya marehemu baba yangu, aina ya Canon AE-1, ambayo shata yake ilikuwa imegoma ingawa sindano ya kupimia mwanga ndani ya kitazamio ilikuwa bado inacheza. Fundi wenu alinipigia simu akaniambia kwamba saketi imeungua na ni lazima ibadilishwe. Nililipa shilingi 180,000, nanyi mkanipa stakabadhi iliyoandikwa "saketi mpya". Kamera ilipofika Tanga ilipiga picha nne, ikanyamaza tena.

Kamera hii, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, huhitaji umeme kwa kila picha, kwa kuwa shata yake hufyatuliwa na kudhibitiwa kwa sumaku za umeme, na bila betri ya volti 6 haifyatui kwa kasi yoyote. Shata ikigoma, fundi hana budi kuufuata umeme hatua kwa hatua kuanzia kwenye betri kabla ya kuihukumu saketi. Mimi nilifanya hivyo. Betri mpya ilisoma volti 6.2, na kamera ikiwa imetulia multimita, yaani kipima umeme, ilisoma karibu kiasi hichohicho hata kwenye bodi ya saketi. Hapo ndipo mtu mwenye haraka hudanganyika, maana wakati huo mkondo unaopita ni mdogo mno kuweza kuonyesha kasoro. Nilipobonyeza kifyatuo, volti kwenye bodi zilishuka chini ya 2, ilhali kwenye betri yenyewe zilibaki karibu na 6. Umeme ulikuwa unapotea njiani. Nilichuna ganda la waya mweusi unaotoka kwenye chemba ya betri, nikakuta shaba imeliwa na kutu ya kijani, kwani betri ya zamani iliwahi kuvuja humo, na sisi wa Tanga tunajua jinsi hewa ya chumvi inavyoyazidisha madhara ya namna hiyo. Nilisafisha vigusio kwa siki, kisha kwa spiriti, nikalehemu kipande kipya cha waya kisichofika hata shilingi 1,000. Tangu siku hiyo nimemaliza mikanda miwili bila kukwama.

Jambo lililoniumiza zaidi ni kwamba bodi niliyoikuta ndani ni ileile ya zamani, kwa sababu kwenye kona yake bado ipo alama ya rangi nyekundu ya kucha aliyoitia baba alipoifungua kwa mkono wake, miaka mingi kabla hajafariki. Kukosea katika kutafuta hitilafu ningeweza kukusamehe, lakini kutozwa fedha za kifaa ambacho hakikufungwa siwezi kukunyamazia.

Kwa hiyo naomba nirejeshewe shilingi 180,000 ndani ya siku 14, pamoja na maelezo ya maandishi ya kazi iliyofanywa na fundi wenu. Nisipopata majibu, nitalifikisha suala hili kwenye Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Nimeambatanisha nakala ya stakabadhi, picha za bodi, na kipande cha waya ulioharibika.

Wenu mteja,
Mpiga picha, Ngamiani.