Taarifa ya mwenyekiti: tuongee kuhusu pale tunaposimama tukipiga picha

Memba wenzangu wa chama chetu cha wapiga picha, hamjambo. Mambo ya pesa mweka hazina atawasomea, ada imeingia vizuri kuliko mwaka jana na wale bado hawajalipa wanajijua. Mimi leo naomba mnivumilie niongee kitu kimoja tu.

Mnajua vile ilikuwa kwa kijana wetu kule Soysambu wakati wa Safari Rally, yale mashindano ya magari. Alikuwa amechuchumaa upande wa nje wa kona, jicho liko kwa kamera, na amefunga lenzi pana, na hiyo lenzi jamani ndiyo hatari yenyewe kwa sababu inakuonyesha gari liko mbali kumbe lishakufikia. Gari likiwa kilomita 120 kwa saa linakula mita 33 kila sekunde. Likateleza kwa lile vumbi laini kama unga, likaacha barabara, na kama mwenzake hangemvuta na mkanda wa begi leo ningekuwa nawasomea mambo mengine kabisa. Traipodi yake, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, ndiyo hii hapa mezani, mguu mmoja umekunjika kama waya, naomba kila mtu aishike kabla hajatoka. Mteja, sitamtaja, alikuwa amemwambia anataka picha ambayo vumbi linagusa lenzi. Alikuwa amlipe elfu tatu.

Tangu WRC, mashindano ya rally ya dunia, irudi kwetu Kenya 2021 tumekuwa wengi sana huko Naivasha na Elmenteita, na kila mtu anataka kuwa mbele ya mwenzake. Kwa rally ya Ureno 1986 watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani, gari la Joaquim Santos likawaingilia, watatu wakafa. Na si rally peke yake. 2013 kule Nürburgring, Ujerumani, gurudumu la gari la Mark Webber, dereva wa Formula One, lilichomoka hapo piti, pale magari yanapobadilishiwa magurudumu, likampiga kameramani aliyekuwa ameligeuzia mgongo, akavunjika mbavu na mtulinga, na baada ya hapo FIA, shirikisho la mashindano ya magari duniani, ikaamua watu wa media wasimame kwa ukuta wa piti tu. Ona hiyo, mtu wa kazi, amezoea, na bado hakuliona likija.

Hata raga. Mimi mwenyewe pale uwanja wa Nakuru Athletic nilikuwa nimekaa chini karibu na laini, winga akasukumwa nje na goti lake likanipata kwa nyusi, nilishonwa, na kusema ukweli sikumwona kabisa kwa sababu nilikuwa namfuata mwenye mpira na jicho moja.

Kwa hivyo kamati imekaa na tumekubaliana, hakuna memba ataenda rally peke yake tena. Mnaenda wawili wawili, mmoja akipiga picha mwingine macho yako barabarani na mkono uko kwa begi ya mwenzake, halafu mnabadilishana. Mnasimama juu, upande wa ndani wa kona, na kabla hamjatoa kamera mnaangalia mtakimbilia wapi. Kusikiliza muziki na iafoni masikioni hapana, tafadhali, helikopta na filimbi ya mashali, wale wasimamizi wa usalama barabarani, ndizo zinakuambia gari linakuja. Najua picha za upande wa nje zinatoka tamu, nimezipiga miaka mingi. Sitazipokea tena kwa maonyesho yetu.

Tunatafuta bima pia, bado tunaongea na watu wa bima. Anayetaka chama kimwombee bibu, ile fulana ya wapiga picha walioruhusiwa, ya mwaka ujao alete jina lake na la mwenzake kwa katibu leo kabla hatujaondoka.