Mnatuambia tusilale na jiko la mkaa, sasa miguu tuipeleke wapi?

Mhariri, kamwene! Huku kwetu Njombe ndo salamu hiyo, tunaitoa hata meno yakiwa yanagongana.

Naandika saa kumi na mbili asubuhi niko jikoni, miguuni nina soksi mbili mbili, ya ndani ya mtumba ya juu nimefuma mwenyewe. Kila ukifika mwezi wa sita mnaandika kwamba kipupwe ni Juni mpaka Agosti, kisha mnatukanya tusilale na jiko la mkaa ndani, na hapo mko sahihi kabisa kwa sababu ile hewa haina rangi wala harufu, mtu anasinzia anadhani joto limemkolea kumbe ndo anaondoka hivo. Ila habari yenu inaishia hapo hapo. Tusiwashe jiko, sawa, tufanyeje sasa? Blanketi watu wanalo, kinachotutesa ni miguu. Huku tuko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kuna asubuhi unafungua mlango majani yamekuwa meupe kwa sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, na viazi vimeungua utadhani vimemwagiwa maji ya moto, na wa kule Makete upande wa Kitulo ndo usiseme, wenzetu wako juu zaidi.

Mimi jibu langu ni soksi za kufuma, tena za sufu. Najua kuna watakaocheka, hata kijana wangu alicheka, akaniambia mama mashine zipo. Nikamjibu mashine za kufuma soksi zipo tangu 1589, kuna mchungaji wa kanisa huko Uingereza alikuwa anaitwa William Lee ndo aliibuni, na bado wewe mguu wako una baridi. Akanyamaza.

Sasa shida ya huku ni uzi. Madukani ukiulizia uzi wa sweta unapewa ule wa plastiki, akriliki, una rangi nzuri na bei yake rahisi na kwa mzula haina shida, lakini ukiuvaa mguuni ndani ya buti la shamba jasho linabaki limekaa pale pale, jua likizama miguu inageuka barafu. Sufu yenyewe inanyonya unyevu mwingi sana kabla hujahisi kama umelowa. Na sufu tunayo jamani! Iko kwenye marobota ya mitumba! Yale masweta makubwa ya wazungu ambayo watu wanayarusha pembeni eti yanawasha, mimi nayanunua elfu mbili, elfu tatu, naenda kuyafumua.

Sio kila sweta linafaa lakini, mimi mwanzo nimeliwa hela sana hapo. Geuza ndani uangalie mishono ya ubavuni, kama vipande vimekatwa na mkasi halafu vikapigwa ovaloku, liache, ukifumua utapata vipande vya uzi vya urefu wa mkono basi. Tafuta lile ambalo kila kipande kilifumwa na ukingo wake halafu vikaunganishwa, hilo ukipata pa kuanzia uzi unatiririka wenyewe mpaka raha. Kama limeshafuliwa maji ya moto likagandana kama blanketi, hilo nalo liache halifumuki. Na kama hujui ni sufu au plastiki, chomoa kauzi kadogo ukachome, sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake unayasaga kwa vidole, akriliki inayeyuka inakuwa kidonge kigumu cheusi. Muuzaji atakukodolea macho lakini ndo biashara.

Ukishafumua uzi unakuwa umejikunja kunja kama tambi, usifume hivo hivo. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu tatu nne usije kusokotana, loweka maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kisha uning'inize na kitu kizito kidogo chini mpaka ukauke. Sweta moja la mtu mzima mimi napata jozi nne, kama ni la mtu mnene hasa hata tano.

Sindano mama mkubwa alinifundishia spoku za baiskeli, alikuwa anazikata halafu anazisugua ncha kwenye jiwe mpaka zisikwaruze, na mpaka leo natumia hizo hizo. Zinatakiwa nne, tatu zinabeba soksi, ya nne ndo inafuma. Naanza vitanzi 48, kumi na sita kila sindano, shingo ya soksi nafuma viwili vya mbele viwili vya nyuma ili ivutike, ila ya bibi mwenye miguu inayovimba nalegeza kabisa isimkate. Wengi wanaachia kwenye kisigino. Hapo unafanya kazi na nusu tu ya vitanzi, 24, unakwenda na kurudi mpaka upate kipande kama kiganja cha mtoto, halafu unaanza kugeuza, unaunganisha viwili viwili kutokea katikati mpaka vibaki 14 na kile kitambaa kinajikunja chenyewe kinakuwa kikombe. Mara ya kwanza kilivojikunja mkononi nilipiga kelele majirani wakaja. Nimefuma miaka zaidi ya thelathini na bado nikifika kisigino sitaki mtu aniongeleshe.

Kipupwe hiki mpaka sasa nimetoa jozi sita za soksi, mizula miwili, na glavu za kijana huyo huyo aliyecheka, maana anaendesha bodaboda anapeleka abiria mpaka Makambako na upepo wa Makambako anayeujua anaujua. Nilianza na sweta la mjukuu pia ila hilo niliumbuka, lilikuwa la akriliki, likaisha vizuri kabisa nikasema nilinyooshe nikapiga pasi ya moto, likalala chini kama ugali uliopoa halikuinuka tena hadi leo. Sasa hivi analalia paka.

Kwa hiyo mhariri ombi langu ni dogo. Mwakani mkiandika ile habari ya jiko la mkaa, ongezeni na mistari mitatu kuhusu miguu ya watu. Na hawa mabinti wanaojifunza ushonaji vyuoni, waalimu wao wawafundishe na kisigino, nimeshapata watatu wa kwenda kujifunzia kwangu jumamosi na mmoja wao ni mvulana, huyo ndo mkono wake mwepesi kuliko wote.

Niishie hapa, jozi ya saba uzi wa kijivu umeniishia katikati ya kidole gumba, naenda kuunga wa njano.

Mama mfumaji,
Njombe