Barua ya wazi kwa Kamishna Mkuu wa Mapato: ada ya huduma si bakshishi

Mheshimiwa Kamishna Mkuu,

Sisi ni wahasibu na wasimamizi wa mikahawa hapa Kampala na Entebbe. Tunakuandikia kuhusu ile ada ya huduma ya asilimia 10 inayoingizwa kwenye bili bila mteja kuulizwa. Mkahawa mmoja huihesabu kama mauzo, wa jirani huiita bakshishi, na kodi inatoka tofauti.

Chukua chakula cha shilingi 50,000 kabla ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Ukiongeza ada ya huduma 5,000, kisha ukatoza asilimia 18 juu ya 55,000, VAT ni 9,900 na mteja analipa 64,900. Hiyo ndiyo hesabu sahihi, kwa sababu VAT hutozwa juu ya malipo yote anayodaiwa mteja kwa kile alichouziwa, na ada asiyoweza kuikataa ni sehemu ya bei.

Sasa tazama hesabu ya pili. VAT inatozwa kwenye chakula peke yake, 9,000, bili inafika 59,000. Kisha asilimia 10 inapigwa juu ya hizo 59,000, yaani 5,900, na inaandikwa "bakshishi". Jumla ni ileile: 64,900. Mteja hawezi kuona tofauti yoyote mfukoni mwake, lakini shilingi 900 za hazina zimebaki mkahawani, na risiti ya EFRIS, mfumo wa mamlaka ya mapato wa risiti za kielektroniki, inasema 59,000. Si lazima mwenye mkahawa awe amekusudia kukwepa. Inatosha programu ya kaunta iwe imepangwa kuweka ada mwisho kabisa, baada ya kodi, na mstari huo usitumwe EFRIS.

Wadogo nao wanaguswa. Mkahawa wenye mauzo ya milioni 140 kwa mwaka uko chini ya kiwango cha milioni 150 cha kujisajili VAT. Ukianza kutoza asilimia 10 kwa kila bili, unafika milioni 154. Mwenye kudhani ile ni pesa ya wahudumu tu atashtuka akidaiwa VAT ambayo hakuwatoza wateja.

Lakini anayeumia zaidi ni mhudumu. Fedha ya ada inaingia kwanza kwa mwajiri, na ikigawanywa ni mapato ya ajira: inapaswa kupita kwenye daftari la mishahara na kukatwa PAYE, kodi ambayo mwajiri huikata kwenye mshahara. Viwango vya PAYE vilivyowekwa 2012 vinaanzia juu ya shilingi 235,000 kwa mwezi: asilimia 10 hadi 335,000, kisha asilimia 20 hadi 410,000, na asilimia 30 zaidi ya hapo. Mhudumu wa mshahara wa 250,000 akipata mgao wa 50,000 kila mwezi, PAYE yake ni 6,500, na kwa miezi mitatu 19,500. Mwajiri akilimbikiza mgao wa miezi mitatu na kuutoa kwa mkupuo, mhudumu anakatwa 1,500, tena 1,500, halafu 23,000 mwezi wa tatu. Jumla 26,000. Mapato ni yaleyale, ila amepoteza 6,500 kwa sababu tu mgao umecheleweshwa. Kwa mtu wa kipato hicho, hiyo si pesa ya kupuuza.

Na mgao ukitolewa kwenye bahasha, nje ya daftari, hauhesabiwi kwenye michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ile asilimia 5 ya mhudumu na 10 ya mwajiri. Mwajiri naye hajaokoka: PAYE asiyoikata inakuwa deni lake mwenyewe, na riba ya asilimia 2 kila mwezi. Kuna pia wanaokusanya ada na wasigawe chochote. Mteja anatoka akiamini amemshukuru aliyemhudumia, kwa hiyo haachi kitu mezani. Jambo hili linatuuma.

Marekani waliliweka wazi katika uamuzi wa mamlaka yao ya kodi wa 2012. Ili malipo yawe bakshishi, mteja atoe kwa hiari, apange kiasi mwenyewe bila kuamriwa na sera ya mwajiri, na kwa kawaida achague nani apewe. Ada ya lazima ni mapato ya mkahawa, na ikigawanywa ni mshahara. Hata sheria yao ya 2025, inayowaruhusu wafanyakazi kupunguza hadi dola 25,000 za bakshishi katika mapato yanayotozwa kodi, haigusi ada za lazima.

Sheria ya Taratibu za Kodi inakuruhusu kutoa waraka wa maelekezo, ambao ofisi yako yenyewe inafungwa nao. Tunaomba waraka huo useme kwamba ada ya lazima iingie kwenye EFRIS kama mstari wake, kabla ya VAT. Kwamba neno "bakshishi" litumike tu pale mteja anapoweza kuifuta. Na kwamba mgao uhesabiwe PAYE katika mwezi ulipokusanywa. Kama hili la mwisho linahitaji kurekebishwa kwa sheria, tunaomba ulifikishe kwa Waziri wa Fedha. Wapeni wenye mikahawa miezi mitatu wapange upya mashine zao kabla ya adhabu yoyote.

Wenu kwa heshima,
Wahasibu na wasimamizi wa mikahawa, Kampala na Entebbe