Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: ile ishu ya panya na sindano

Ndugu wanachama, salaam aleikum, Bwana asifiwe, na poleni na safari kwa mliotoka mbali.

Mambo ya ofisi napita haraka manake mhazini atawasomea hesabu: ada zimeingia kwa kusuasua kama kila mwaka, Mei 10 tuliadhimisha siku ya lupasi duniani (lupasi ndo huu ugonjwa wetu wa kinga kuugeukia mwili wenyewe), na wanachama wapya karibu wote ni akina dada wa umri wa kuzaa, ndo ugonjwa wetu ulivyo.

Kilichotusumbua zaidi ni ile klipu iliyozunguka kwenye grupu, eti wanasayansi wamethibitisha kwa panya kwamba sindano zinaleta lupasi, wenzetu wengine wakaanza kusita kupeleka watoto chanjo. Nimeufuatilia huo utafiti na upo kweli, ila klipu imeupotosha. Ni Wajapani wa Kobe, waliutoa 2009. Walichukua panya wa kawaida, ukoo ambao hauna tabia ya kuugua lupasi, wakawa wanawadunga kitu kilekile kigeni, mfano protini ya yai, wanarudia na kurudia mpaka mara 12, yaani kinga haipewi nafasi ya kupumua. Ikafika mahali seli T, yaani askari wa kinga, zimesukumwa kupita kiasi, baadhi zikabadilisha kipokezi chao (sehemu ya kumtambua adui), zikawa zinachochea seli B, askari wengine wa kinga, zitoe kingamwili, yaani protini za kupigana, za kuushambulia mwili wenyewe, na mwisho figo zikaumia. Sasa jamani, mtoto gani anadungwa hivyo kliniki?

Mimi kilichonigusa ni kingine kabisa. Hao panya hawakurithi lupasi, wakati wale maarufu weusi wa Dunedin, New Zealand, walioelezwa 1959, wao wanazaliwa nayo hiyo shida, kinga yao inavunja chembe nyekundu za damu yao wenyewe, na walipochanganywa na ukoo mweupe wakatoka watoto wanaougua figo, majike wanakufa mapema kuliko madume (akina dada mnanielewa). Kwa hiyo kuna wa kurithi na kuna wa kusukumwa. Nawaambia haya kwa sababu bado napigiwa simu na mama analia kwamba mkwe anasema amerogwa, au eti anaadhibiwa kwa dhambi zake. Hakuna panya aliyetenda dhambi maabara.

Halafu wapo panya waliodungwa mafuta ya pristeni tumboni, hiyo ni 1994, nao wakatoa kingamwili zilezile zinazoonekana kwenye vipimo vyetu, na baadaye ikajulikana kwamba panya asiye na kipokezi cha intaferoni (protini ya mwili inayoamsha kinga) anakwepa sehemu kubwa ya hayo madhara. Msidhani ni stori za maabara tu, manake dawa ya lupasi ya anifrolumabu iliyoruhusiwa Marekani 2021 inaziba kipokezi hichohicho kwa binadamu. Bei yake tusiizungumzie leo, tutaharibu mkutano.

Na kabla mtu hajasema basi kila kinachoamsha kinga ni hatari, kuna Brian Greenwood, daktari aliyekuwa Ibadan, Nigeria, aliona magonjwa ya kinga kuushambulia mwili ni machache sana kwa wagonjwa wa huko, akajiuliza kama vimelea vinahusika, na 1970 yeye na wenzake wakawaambukiza malaria ya panya wale panya wa New Zealand, kumbe ugonjwa ukapungua badala ya kupanda! Kinga haiendi kwa mstari ulionyooka. Tafadhali mtu asitoke hapa akatupa chandarua, malaria ikikupata na lupasi yako utajuta.

Kwa hiyo msimamo wa uongozi ni huu, watoto wapelekwe chanjo zao kama kawaida, na sisi wagonjwa chanjo zisizo na kijidudu hai kwa ujumla tunaruhusiwa na tena tunahimizwa, zile zenye kijidudu hai muulize daktari wako kwanza hasa kama unatumia dawa za kushusha kinga. Haidroksiklorokwini, dawa yetu ya lupasi, msiiache kwa sababu ya klipu. Daktari wetu yupo mpaka saa nane, wenye maswali wamuwahi kabla ya chakula, na sasa namkaribisha mhazini.