Maranda hayaozi kwa siku 14

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala ya ukurasa wenu wa kilimo iliyosema maranda ya mbao yanakuwa mboji ndani ya siku 14 ukiyamwagia dawa ya bakteria. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Biolojia, naishi Mafinga, na dawa ya namna hiyo niliinunua mwaka juzi. Chupa ya lita moja, na kwenye lebo hakuna jina la bakteria hata mmoja.

Huku kwetu maranda ya paini hayatafutwi. Kila mashine ya kupasulia mbao ina kilima chake, na vingine vinafuka moshi wiki nzima. Nilibeba viroba kumi na viwili, nikamwagia dawa, nikafunika kwa nailoni kama maelekezo yalivyotaka. Siku ya 14 nikafunua. Yananuka kama maji ya mtaro, rangi imefifia kidogo, lakini ukiyafikicha kiganjani bado yanakwaruza. Kwa ukaidi nikayapeleka shambani hivyo hivyo. Kabichi zikawa za njano hadi jirani akaniuliza nimebadili mbegu lini. Vijidudu vilivyokuwa vinahangaika na maranda vilikuwa vinafyonza nitrojeni ya udongo, kabichi zikabaki na njaa. Hilo nimelifundisha darasani miaka na miaka!

Kinachogoma ni lignini, ile gundi inayoshikamanisha nyuzi za selulosi. Kwenye paini ni kama robo ya uzito mkavu. Selulosi ni mnyororo wa sukari ya aina moja, kimeng'enya, yaani protini ambayo vijidudu huitumia kuvunjia vitu, kikipata pa kushika kinaukata pingili kwa pingili. Lignini ni pete za kaboni zilizofungamana ovyo, kila fundo na namna yake. Mafundi wakuu wa kuivunja ni fangasi, wale wanaoozesha gogo likabaki jeupe na laini kama pamba.

Bakteria wenye uwezo huo wapo, sikatai. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, na wenzao wa British Columbia, Kanada, walieleza kimeng'enya DypB cha bakteria Rhodococcus jostii, kinachoishambulia lignini na kuchangamka zaidi kikipata madini ya manganisi. Bakteria huyo alipatikana Japani, kwenye udongo uliochafuliwa na dawa ya wadudu. Lakini DypB ni peroksidasi, haifanyi kazi bila hidrojeni peroksaidi, kemikali ambayo vijidudu huitengeneza kwa oksijeni, na kwa ujumla lignini huvunjwa palipo na oksijeni. Sasa mtu anayekuambia ufunike lundo kwa nailoni amemwita fundi kisha akamfungia mlango.

Siku hizi maranda nayatandika kwanza kwenye banda la kuku. Yakishalowa kinyesi nayatoa, nayarundika, nayageuza kila baada ya wiki mbili, nanyunyiza maji kiangazi. Mwandishi wenu akipita Mafinga aje na koleo lake. Lundo nililoanza Machi mwaka jana limekuwa jeusi na halina harufu, ila akichimba katikati atakuta vipande vya maranda ambavyo bado vina ncha.

Mwalimu mstaafu,
Mafinga, Iringa